Eti Alienda Kutazama Tembo

Vijana, nimeombwa niwaandikie habari za kazi yangu ya udereva, na jambo la kwanza nililojiuliza ni hili: nani anataka kujua, na kwa nini ameamka leo? Mtanisamehe, ndivyo nilivyo. Nimeendesha kamyo kati ya Walikale na Goma tangu enzi ambazo barabara ya Masisi ilitengenezwa kwa majembe na vikapu, na kazi ile haikumpa mtu moyo wa kumwamini kila anayempungia mkono. Mke wangu anasema hata akinipa uji nauchungulia kwanza. Anasema kweli.

Kamyo lilikuwa la bwana mmoja mwenye plantasio ya pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu, kwenye vilima vya Masisi. Nilishuka Walikale na maharage na viazi vya wafanyakazi wa migodi, nikapanda na mapipa ya mawese. Baadaye, samaki wa chumvi walipoanza kutafutwa kila mahali, bwana akaanza kunituma mbali zaidi: Sake, Goma, Rutshuru, hadi Vitshumbi kwenye Ziwa Edward. Njia ile inapita katikati ya hifadhi ya wanyama, ile tuliyoiita Parke, kwenye uwanda wa Rwindi. Nilikwenda peke yangu. Madereva wengine walikuwa na mtu wa kuwasaidia kusukuma na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mimi nilimkataa. Mtu wa pili ndani ya kamyo anaona kila unachofanya, na jioni anakwenda kukisimulia.

Sikilizeni basi mambo ya kuwafaa. Mshale wa mafuta ulikuwa mwongo, kwa hiyo nilichonga kijiti, nikakitia alama kwa kisu, nikakitumbukiza ndani ya tanki kabla ya kulala na tena nikiamka. Pale Sake kulikuwa na watu waliojua kunyonya esansi, yaani petroli, kwa mpira huku wanakusalimia na kukuulizia watoto. Turubai nililifunga kwa fundo langu mwenyewe, nililolibuni mimi, na ndani ya fundo nilibana jani la nyasi. Jani likianguka, ujue mtu amefungua. Kwenye matope ya Walikale usikanyage esansi ukidhani nguvu zitakutoa. Shuka, kata matawi, yalaze chini ya magurudumu ya nyuma, kisha uondoke taratibu. Mapipa ya mawese yafunge mara mbili. Pipa moja likianza kubingirika kwenye mteremko wa Mushaki, dereva ni pipa, wewe ni abiria.

Halafu kuna manivela. Nyinyi siku hizi mnazungusha ufunguo tu. Sisi tuliwasha mtambo kwa manivela, chuma kizito kilichopinda, unakiingiza mbele ya kamyo na kukizungusha kwa nguvu za bega. Kidole gumba kiweke upande mmoja na vingine, kwa sababu mtambo ukirudi nyuma utakuvunja mkono. Bila chuma kile kamyo ni banda la kuku. Aliyenifundisha kazi, Papa Anselmi wa Nyabiondo, aliniambia siku ya kwanza:

“Mutoto, gari hapana ya ule mwenye kukaa ku volan. Gari iko ya ule mwenye kushika manivela. Usimupatie muntu. Hata akuwe mupadri.”

Volan kwetu ni usukani. Nikakilalia chuma kile kichwani miaka yote, na mpaka leo shingo yangu imekaa upande.

Papa Anselmi alinifundisha mengi, ila tembo hakunifundisha. Mara ya kwanza nilipokutana nao Rwindi nilizima mtambo kwa woga tu, wala si kwa akili. Walikuwa wanavuka barabara, wakubwa mbele, na mmoja mdogo akitembea chini ya tumbo la mama yake kama mtu anayejikinga mvua. Walipita karibu hata nikasikia matumbo yao yakinguruma. Nikakaa nikasahau samaki, nikasahau bwana, nikasahau hata kushika chuma changu. Nilijisikia vizuri. Sina neno jingine la kuwapa.

Tangu hapo, kila safari ya Vitshumbi niliondoka mapema ili nipate muda wa kusimama. Hata nikiambiwa nisubiri mzigo Rutshuru, nilipanda kamyo nikarudi uwandani kutazama. Nikajifunza: tembo akipepea masikio polepole anajipoza, mwache. Akiyatandaza na kunyanyua kichwa, usipige honi, usijitie ujasiri, kaa kimya aone kwamba huna shida naye. Kushuka garini ni marufuku, na marufuku ile nawaomba muifuate.

Hakuna aliyeamini. Mke wangu aliuliza, “Tembo? Na huyu tembo iko na jina gani?” Bwana aliagiza turubai lifunguliwe, akanusa kila kikapu akitafuta pembe. Gadi wa Parke alikuja na bunduki yake mpaka mlangoni, akaniambia, “Muzungu akitazama, naelewa. Wewe unatazama juu ya nani? Nani amekutuma?” Sikumchukia. Hata mimi, kama ningemkuta mtu mweusi peke yake porini ametulia anatazama tembo, ningesema huyu anapima pembe.

Huku kwetu Masisi ilikuwa mbaya zaidi. Siku zile watu walizungumza juu ya mutumbula. Mutumbula, walisema, ni mtu aliyeajiriwa na wazungu kukamata watu barabarani. Anawafunika turubai, anawapeleka mahali, wananoneshwa, kisha wanatiwa ndani ya mikebe ya nyama. Msicheke. Watu wenye akili zao waliamini hivyo, na walikuwa wameona mambo ya kutosha ya kuwafanya waamini. Sasa hebu fikirini: dereva anayekataa mwenzake, ana turubai lililofungwa kwa fundo ambalo hakuna mwingine anayelijua, na anakwenda kule ambako wenyeji walifukuzwa, wanyama wakaachwa. Anaporudi kamyo linanuka. Nikipita Muheto akina mama waliwavuta watoto wao ndani ya mashamba ya mahindi.

Na mimi nilikuwa na hofu yangu. Kupakia watu kulikatazwa na bwana kabisa. Mara moja, njia ya Ngungu, nilimhurumia mtu mwenye mguu uliofungwa vitambaa, nikampakia. Tulipofika plantasio alishuka akatembea vizuri tu mpaka ofisini. Alikuwa ametumwa kunijaribu. Bwana akanionyesha leseni yangu, ile tuliyoiita permi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuichana. Akasema safari nyingine ataichana kweli, na mtu asiye na permi anarudi kwenye jembe. Nilikuwa na wazee wawili na watoto wanaokula kwa permi ile.

Basi siku moja natoka Vitshumbi na samaki, nimefika Muheto jua likiwa juu, nikakuta wanaume wameweka machela katikati ya barabara. Juu yake kuna mwanamke kijana amefunikwa blanketi, tumbo juu. Pembeni amesimama mama yake. Nilimjua kwa sura: Mama Stefania, mjane mwenye ng'ombe, aliyekuwa akiuza maziwa kwenye kambi yetu ya wafanyakazi wa plantasio.

“Papa shofere, utusaidie,” akasema mmoja wa wanaume. “Mutoto anakataa kutoka tangu jana. Tumupeleke Masisi ku hospitali.”

Nikamtazama yule mwanamke, nikaukumbuka mguu wa Ngungu. Nikajiambia: hawa wametumwa, na tumbo lile ni nguo zilizokunjwa.

“Funua blanketi nione,” nikasema.

Mama Stefania akaruka mbele yangu. “Unataka kuona kama iko munene? Mi nilisema! Nilisema tungoje gari ingine! Huyu njo ule anaendaka kule Parke peke yake!”

Wakati huo binti yake, Esperansi ndilo jina lake, akapiga ukelele na kunishika mguu wa suruali. Hakuwa ananiomba, alishika tu chochote kilichokuwa karibu. Nguvu za mkono ule hazikuwa za mtu aliyetumwa. Niliogopa sana. Nikasema, “Mupakie. Haraka.”

Sasa mimi nilikuwa nimeamini, na mama ndiye aliyekataa. Alijinyoosha juu ya binti yake, mikono wazi.

“Uniambie kwanza. Kule Parke unafanyaka nini?”

“Natazamaka tembo, Mama.”

“Muone! Hata kutunga uongo hajue!”

“Mama,” akasema Esperansi kwa sauti ndogo, “nakufa.”

Wale wanaume walinitazama, mimi nikamtazama Mama Stefania. Hakuna neno ambalo angelikubali kutoka kinywani mwangu, na ningekuwa yeye nisingelikubali pia. Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mtambo ulikuwa bado unanguruma. Nikachukua manivela chini ya kiti, nikampa.

“Shika hii. Ukiona nimeacha njia ya Masisi, unipige nayo kichwa.”

Akaipima uzito. “Nitapiga kweli.”

“Piga kweli.”

Tukamlaza Esperansi juu ya vikapu vya samaki, kwenye magunia matupu, nikafunga turubai. Kamyo lile halikuwa na kioo nyuma ya dereva, tundu tu. Mama Stefania alikaa kule nyuma na binti yake, akapitisha chuma kwenye tundu, akakilaza juu ya bega langu karibu na sikio. Kila shimo la barabara lilinigusa shingoni. “Pole pole, unataka kumuua?” Nikipunguza: “Unachelewa juu ya nini? Kuna mutu unamungoja?” Jasho lilinitiririka. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile.

Kabla ya Masisi kulikuwa na mlima ambao barabara yake ilipitisha gari moja tu, ukuta upande huu na bonde upande ule. Chini kulikuwa na barriera, mti wa kufunga njia, na juu nyingine, na kila moja ilikuwa na mlinzi na ngoma. Gari likiingia chini, mlinzi anapiga, wa juu anasikia na kufunga. Likiingia juu, vivyo hivyo. Mlinzi wa chini aliitwa Papa Kibira, mtu mfupi aliyevaa gunia mabegani mvua na jua. Hatukupendana. Kila mara alizunguka kamyo langu akiangalia turubai, akiangalia fundo. Nilikuwa na hakika kwamba ni sikio la bwana wangu.

“Ungoje,” akasema. “Ngoma ya juu imelia. Gari iko inashuka.”

“Acha nipite, Papa.”

“Nikufunguliye mukutane ku kona, mufe wote?”

Esperansi akalia. Papa Kibira akazunguka nyuma, akafungua turubai. Nikajua nimekwisha. Alirudi mbele polepole, akatazama chuma shingoni mwangu, akamtazama Mama Stefania kupitia tundu.

“Mama, huyu anakuiba, ao wewe njo unamuiba?”

“Fungula!” akasema Mama Stefania. “Fungula, mutoto wangu anakufa!”

Papa Kibira akaenda kwenye ngoma yake. Hakupiga mlio wa barriera. Alipiga ule unaopigwa kijijini nyumba ikiwaka moto. Alipiga kwa mikono yake yote na kichwa kikitikisika, na kule mlimani nikaona watu wanatupa majembe na kutoka mashambani, wakikimbilia barabarani. Kwenye kona pana walikuwa wamejaa hata jiipu iliyokuwa inashuka ikashindwa kupita, ikasimama pembeni. Papa Kibira akanyanyua mti wa barriera. Kabla ya hapo alikuwa amerudisha turubai na kulifunga, na nilipoangalia baadaye nikakuta amelifunga kwa fundo langu, na jani la nyasi ndani. Hilo halikunifurahisha hata kidogo. Alilijua tangu lini?

Nikapanda. Kwenye jiipu alikuwemo mzungu msimamizi wa barabara, uso mwekundu, anapiga honi. Nikapita mbele yake kama dereva aliye peke yake na mzigo wa samaki, na chini ya turubai Esperansi analia.

Hospitalini walimpokea upesi. Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimezima mtambo. Mama Stefania akakaa kwenye ngazi ya hospitali na manivela mapajani.

“Nirudishie, Mama, samaki wanaharibika.”

“Sirudishe mpaka nimuone na macho.”

Tukakaa. Nzi wakaja, harufu ikaja, watu wakahama upande wa pili wa uwanja. Jua lilipoanza kulegea, muuguzi alimwita Mama Stefania ndani. Alipotoka alikuwa analia na kucheka pamoja. “Mutoto mwanaume. Na Esperansi iko muzima. Nimewaona wote wawili.” Akafuta manivela kwa kitambaa chake cha kichwa, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu kitu cha heshima.

“Wewe hapana mutumbula,” akasema.

“Asante, Mama.”

“Sasa uniambie kweli. Kule Parke ni nini?”

“Tembo, Mama. Tembo tu.”

Akanishika shavu. “Unadanganya, mutoto wangu.”

Haukupita muda bwana akaniita. Mzungu wa jiipu alikuwa amekaa pale, amelalamika kwamba nilipita nje ya zamu na kwamba chini ya turubai alisikia sauti ya mwanamke. Permi yangu ilikuwa juu ya meza. Nilisema nilikuwa peke yangu. Bwana akasema mlinzi wa barriera atatuambia, na Papa Kibira akaingizwa na gunia lake.

“Alikuwa peke yake, Bwana,” akasema Papa Kibira. “Na samaki. Ile ngoma, mi njo nilikosea. Nilikuwa nimekunywa.”

“Na sauti ya mwanamke?”

“Mi njo nilikuwa naimba.”

“Wewe?”

Papa Kibira akafumba macho, akaimba pale pale mbele ya meza wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa sauti nyembamba kama ya bibi harusi. Mzungu wa jiipu akaangua kicheko. Bwana hakucheka. Nilirudishiwa permi yangu, naye Papa Kibira akapelekwa kaso, ile jela ndogo ya teritwari, yaani ya wilaya, na baadaye akaenda kuponda mawe ya barabara pamoja na wafungwa wengine.

Nyinyi mngefurahi. Mimi niliumwa na wasiwasi. Mtu ambaye si ndugu yangu, ambaye hatukupendana, anakwenda kuponda mawe kwa ajili yangu: anataka nini? Nikafikiria esansi. Nikafikiria pembe. Nikafikiria labda ana binti na anatafuta mkwe. Aliporudi kwenye barriera yake amekonda, mkono mmoja umevimba, nilisimamisha kamyo nikamwuliza hata kabla ya kumsalimu.

“Unataka nini kwangu?”

“Sitaki kintu.”

“Haiwezekane, Papa. Sema.”

Alikaa akikuna ule mkono. “Ile tembo,” akasema, “njo kweli unaendaka kutazama?”

“Kweli.”

“Ya kutazama tu?”

“Ya kutazama tu.”

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyelijua jibu tangu zamani. “Basi unipeleke siku moja, nami nitazame. Mi nafungulaka gari zote. Hata moja sijaingia.”

Nikasema moyoni: hapo sasa, amejitaja. Anataka kuwaonyesha majangili njia. Lakini ningekataaje? Nikamwomba bwana mtu wa kupakia samaki, nikamtaja Papa Kibira. Bwana akanitazama kwa jicho baya, akakubali. Mke wa Papa Kibira akabaki kulinda barriera na ngoma.

Alipanda na furushi lililofungwa kwenye mkeka, akalikumbatia. Nilimwambia aliweke nyuma, akakataa. Njia yote nililiangalia lile furushi kuliko barabara. Sake nilisema moyoni ni waya za mitego. Goma nilisema ni kisu cha kuchunia. Rutshuru nilimwuliza wazi mna nini, akasema, “Kitu yangu.” Mlangoni pa Parke gadi alizunguka kamyo, lakini hakuuliza.

Tembo walitoka upande wa mto, wengi, na wadogo katikati. Nikasimamisha kamyo. Papa Kibira akalishusha furushi magotini, akaanza kulifungua polepole, nami mkono wangu ukashuka chini ya kiti kutafuta manivela.

Ndani mlikuwa na koti jeusi la kanisani, limenyooshwa vizuri, kifungo kimoja hakipo. Akalivaa pale pale, kwenye joto lile, akalifunga mpaka shingoni. Akakaa wima, mikono juu ya magoti, akawatazama tembo, na machozi yakamtoka.

Nikazima mtambo. Nikaitoa manivela chini ya kiti, nikaiweka mapajani mwake, nami nikageuka kutazama.